Nimeunguza pikipiki ya umeme ya mteja, mwanangu amehama. Nifunge gereji?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Moshi, gereji yangu iko Kiboriloni. Nina miaka 46 na kazi hii naifanya tangu mwaka 2001. Chuo sikupita. Nilifundishwa na mzee mmoja pale Majengo, nikaanza kwa kuosha spea kwa petroli, spana nikaruhusiwa kushika mwaka wa pili. Kwa mikono hii nimesomesha watoto watatu na nimejenga vyumba vinne. Boxer ikipita barabarani nikiwa nimeipa mgongo najua kama valvu zinagonga au cheni ya taimingi imelegea. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Sasa nikueleze yaliyonipata.

Mwezi wa 5, mvua bado zinanyesha, alinijia kijana wa kijiweni kwetu, mteja wangu wa miaka mingi. Boxer yake aliiuza mwaka jana akachukua pikipiki ya umeme kwa mkataba, analipa 12,000 kila siku. Akasema pikipiki inazima. Tambarare haina shida, inakimbia vizuri tu, lakini akipakia abiria wa kupanda Kidia, ikikolea mlima inakata moto kabisa kama mtu amezima swichi. Akipumzika dakika chache inawaka tena. Alishawapigia waliomkopesha wakamwambia fundi wao yuko mkoa mwingine, asubiri siku 10. Siku 10 za mkataba bila kazi atazilipa na nini? Ndipo akaja kwangu.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 22, tunafanya kazi pamoja. Aliniambia, "Baba, hii tusiiguse, hatuijui." Nikamwambia anipishe nifanye kazi.

Niliinua kiti nikakuta plagi kubwa ya betri imeyeyuka upande mmoja, plastiki imegeuka kahawia, na shaba ya ndani imeota kutu ya kijani. Nikasema moyoni, ugonjwa ni huu. Nikaikata, nikashuka mjini kutafuta plagi mpya inayofanana nayo, nikarudi nikabana nyaya vizuri. Lakini nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi. Aliyewahi kuzirefusha kabla yangu alitumia waya wa rangi moja. Nilidhani nakumbuka upi ni upi. Nilipochomeka tu ikapiga "pa!", cheche ya bluu ikaruka, ukafuata moshi na harufu ya plastiki. Kidole gumba changu kiliungua. Pikipiki haikuwaka tena mpaka leo. Kontrola, kile kiboksi kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, imekufa.

Mwanangu akasema, wateja wote wanasikia, "Si nilikuambia, Baba?" Shangazi, miaka 24 sijawahi kuaibika vile. Nikamjibu kama anajua kuliko mimi, achukue nguo zake aende kwa hao watu wa betri. Ilikuwa hasira. Yeye akaenda kweli. Hii ni wiki ya 5 yuko kwa bibi yake Uru, na nasikia anashinda mjini mahali wanapobadilishia betri, anabeba betri kutwa. Mama yake anaongea na mimi mambo ya chakula tu.

Mteja anadai kontrola, shilingi 260,000, na siku 6 alizokaa bila kazi mpaka alipopata pikipiki ya kuazima. Mafundi wenzangu wanasema nisilipe, kwa sababu alileta kitu ambacho anajua sikukisomea, tena alikuwa anawakwepa waliomkopesha. Mke wangu, siku anayoamua kuongea, anasema tuweke sehemu ya kuchaji pikipiki hapohapo gereji, umeme upo. Mimi kwenye kikoba nina 1,400,000, tunagawana mwezi ujao, nilipanga kununua kompresa. Sasa naona bora nifunge gereji nirudi kihambani Old Moshi nihudumie migomba na kahawa. Hizi pikipiki zinaongezeka. Mwaka juzi kijiweni hapakuwa na hata moja, leo nahesabu 7.

Nifanyeje?

Fundi, Kiboriloni

*

Marahaba, fundi wangu. Pole kwa kidole, na pole zaidi kwa kukaa mezani na mke asiyekusemesha.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nimeuza spea Arusha miaka 19, jirani na soko la Kilombero. Mafundi ni watu wangu. Barua yako niliisoma mara tatu, halafu nikampigia mzee mmoja anayesuka mota, mtu niliyemuuzia waya wa shaba tangu nywele zake zikiwa nyeusi, nikamsomea kwenye simu neno kwa neno. Nilipofika pale plagi ilipoyeyuka na shaba imeota kutu ya kijani, akanikatisha. Akasema, "Huyo ugonjwa ameupata. Ni wenyewe."

Nataka hilo ulisikie kabla ya jingine lolote, kwa sababu barua yako imeandikwa na mtu anayeamini kwamba macho yake hayafai tena.

Mzee alinieleza hivi. Pikipiki kama hiyo ikiwa tambarare na abiria mmoja, huenda inavuta ampea 13 au 15 kutoka kwenye betri. Ipandishe Kidia na mzigo uleule, inavuta 30 na zaidi. Sasa kama mahali nyaya zinapoungana pana kutu, joto la pale halipandi sawasawa na umeme unaopita. Umeme ukiwa mara 2, joto linakuwa mara 4. Ndiyo maana plagi ilikuwa nzima barabara ya Himo na ikawa inapikika mlimani. Na umeme ukikwama pale kwenye plagi, volti zinazofika kwenye kontrola zinashuka, kontrola inadhani betri imekwisha, inakata moto. Mteja akipumzika dakika chache plagi inapoa, pikipiki inawaka. Kila alichokueleza kijana kinalingana na ulichokiona ulipoinua kiti. Hukuwa na mashine ya kupimia, hukuwa na kitabu. Uliona tu, kama unavyosikia valvu.

Kosa lilikuja baadaye, na lenyewe nalisema bila kulipaka asali. Nyaya 2 nyeusi, ukategemea kumbukumbu. Kwenye Boxer, ukikosea waya wa volti 12, mara nyingi fyuzi inakatika, unacheka, unaweka nyingine. Betri hizi zinaitwa za volti 72, na nyingi zikijaa chaji zinafika 84. Kontrola ikipewa umeme kinyume haisubiri hata sekunde. Mita ya kawaida kabisa, ile ya kidijitali, ungeigusisha kwenye nyaya zile mbili ingekuonyesha alama ya kutoa mbele ya namba, ukajua umeshika kinyume. Mita hiyo bei yake ni chini ya tairi la pikipiki. Miaka 24 umefanya kazi bila kuihitaji sana. Sasa unaihitaji kama unavyohitaji spana namba 10.

Kuhusu deni. Kontrola ilipe, yote, 260,000. Wenzako wanaokwambia usilipe wanakupenda, ila wanakuharibia. Ni kweli kijana alijua hukuisomea pikipiki ile. Lakini ulipokata ile plagi hukumwambia, "Hii najaribu, ikiharibika tutagawana hasara." Uliipokea kama fundi anavyopokea kazi, na iliungulia mikononi mwako. Kiboriloni si Dar es Salaam. Kijiwe kizima kinajua habari hii, na watu wanakutazama utafanya nini kuliko wanavyotazama ulichounguza.

Siku zile 6 ni jambo jingine. Kama asingekuja kwako angesubiri siku 10 kwa hao waliomkopesha, na mkataba ungekuwa unamdai vilevile. Kwa hiyo kaa naye chini, mpe nusu ya mkataba wa siku 6, yaani 36,000, na umweleze hesabu hiyo waziwazi. Nadhani ataipokea. Mwombe pia akuonyeshe karatasi ya mkataba wake mkaisome pamoja mahali panapozungumzia matengenezo. Kama panasema pikipiki isifunguliwe na fundi wa nje, nyote wawili mnatakiwa kulijua hilo kabla ya kontrola mpya kufungwa, na ni vizuri ikafungwe na fundi wao, wewe ukiwepo unaangalia. Usione haya kusimama pembeni. Kwenye kikoba utabakiwa na 1,104,000. Kompresa nunua. Matairi ya pikipiki za umeme yanajazwa upepo uleule.

Sasa hili la kufunga gereji.

Mwanangu, nimeshaliona tangazo hili la msiba likitolewa mara nyingi na marehemu akaendelea kula ugali. Magari ya EFI, yale yanayonyunyizia petroli kwa umeme badala ya kabureta, kutoka Japani yalipoanza kujaa Arusha, mafundi waliingia dukani kwangu wanalia. Wengine waling'oa mfumo wote wakafunga kabureta, na mimi niliwauzia hizo kabureta, Mungu anisamehe. Lakini alikuwepo mmoja, mtu mzima kukushinda, hajui Kiingereza cha kuombea maji. Akajifunza kwamba zile Toyota za mwanzo ukifungua kile kiboksi cha kupimia chenye herufi ndani yake, ukaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa, na idadi ya kupepesa ndiyo jina la ugonjwa. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha dereva na daftari la mwanawe wa shule ya msingi, anahesabu kwa sauti. Baada ya mwaka mmoja magari yalikuwa yanapanga foleni kwake. Kuhesabu taa kulimtosha kuanzia.

Pikipiki 7 kijiweni ni habari ya kweli na siidharau. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi kama ni ya petroli. Nairobi nazo zimeongezeka. Kwetu hakuna katazo hilo, na hata Kigali zile za zamani hazikunyang'anywa mtu. Boxer zilizopo Moshi leo zitakuletea pistoni na klachi miaka mingi. Ukirudi kihambani leo utakuwa umeikimbia kazi ambayo bado ipo, na kahawa nayo ukiipanda leo haikupi kitu kabla ya miaka kama 3. Kihamba kipende, kihudumie Jumamosi, lakini usikifanye pango la kujifichia.

Hebu tembea kichwani kwenye hiyo pikipiki ya umeme, uitoe kila usichokijua. Haina plagi ya moto, haina kabureta, haina pistoni wala oili ya injini, na nyingi hazina klachi. Hapo kweli umepoteza sehemu ya chakula chako, na usimsikilize atakayekwambia hujapoteza. Kumwaga oili peke yake ni pesa ya kila wiki. Lakini tairi zipo, rimu na spoku zipo, breki, beringi, shokapu, usukani, taa, stendi inayokatika ikihitaji kuchomelewa. Tena pikipiki hizi zinaondoka kwa nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, hazisubiri injini ichangamke, na betri ni nzito. Kwa barabara za Old Moshi na Kibosho, spoku na beringi za nyuma watazileta. Na mvua za masika zitaleta plagi zenye kutu ya kijani, kama ile. Kusafisha plagi, kuipaka grisi ya silikoni, kuibana vizuri, kufunga waya usisuguane na fremu, hiyo ni kazi yako tayari. Unaweza kuanza kuwaita wale 7 kabla ya mvua za vuli.

Mzee wa mota amenipa na hili nikupe, ni la bure. Mota nyingi za gurudumu la nyuma zina nyaya 3 nene. Betri ikiwa imetolewa na nyaya hizo umezichomoa kwenye kontrola, zungusha gurudumu kwa mkono: linapaswa kuwa jepesi. Sasa zigusishe zote 3 pamoja, uzungushe tena. Litakuwa zito, kama mtu amekanyaga breki kidogo. Ziachanishe, liwe jepesi tena. Kama linabaki zito hata zikiwa zimeachana, kuna kugusana ndani ya mota au kwenye waya wake. Kama ni jepesi, lakini ukiirudisha kwenye kontrola linarudi kuwa zito na betri haijawekwa, basi kontrola ndiyo iliyokufa. Huhitaji hata mita. Ulikuwa unauliza kama mkono wako bado una kazi: hicho ni kipimo cha mkono.

Zingatia mambo ya usalama, na hapa nakusemesha kama mama. Pete na saa vua. Toa betri kwanza, halafu subiri, kwa sababu ndani ya kontrola mna vitu vinavyotunza umeme hata betri ikiwa mezani. Pima kwa mita mpaka namba ishuke karibu na sifuri ndipo uguse. Plagi zifanyie kazi moja moja, na kila waya ufunge tepu yenye rangi kabla ya kuukata.

Na betri yenyewe usiifungue. Sisemi usiifungue mpaka ujifunze kidogo kwenye simu. Usiifungue. Ndani yake mna seli nyingi zimeshonwa pamoja na bodi ndogo ya kuzilinda, na bisibisi ikidondoka mahali pasipofaa, moto wake hauzimiki kirahisi na moshi wake ni sumu. Gereji yako ina petroli kwenye makopo. Andika kwenye ubao, kwa rangi nyekundu, chini ya bei ya kuziba pancha: BETRI HATUFUNGUI. Mteja akisoma hivyo ataelewa kwamba hapa pana mtu anayejua anachokishika.

Wazo la mke wako la kuchaji si baya, ila lipigieni hesabu kwanza mkiwa mmekaa pamoja, na pengine hiyo ndiyo itakuwa mara ya kwanza kuongea kitu kingine zaidi ya chakula. Angalieni LUKU yenu. Kama mko kwenye lile daraja la matumizi madogo, lile ambalo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki moja inayokimbia kilomita 100 kwa siku inakula uniti 3 mpaka 4. Kwa siku 26 za kazi, pikipiki moja peke yake imeshavuka 75. Mtaanza kununua uniti kwa zaidi ya 350, na nyumba nzima itapanda pamoja nayo. Kwa hiyo bei ya kuchaji ipangeni kwa hiyo 350, msiipange kwa bei ya sasa mkaja kulia. Na mita ya biashara iwe mbali na ya nyumbani. Zaidi ya hapo, wale wa mkataba wengi wanabadilishiwa betri na waliowakopesha, hawachaji kwa mtu. Waulizeni wale 7 kwanza.

Halafu kuna VETA, chuo cha ufundi stadi, hapohapo Moshi. Wana utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini. Wanakupima kwa vitendo, wanakuambia pengo lako liko wapi, wanakupa cheti cha ujuzi ulionao. Kwa miaka 24 hiyo ni haki yako, na kaulize pia kuhusu umeme wa magari. Ukisomea kupima umeme kidogo tu, utakuwa na kitu ambacho vijana wengi wanaobeba betri mjini hawana: utajua umeme na utajua pikipiki.

Nimelichelewesha la mwanao kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi.

Umeniandikia kwamba alisema, "Si nilikuambia?" mbele ya watu. Lilikuwa kosa. Mtoto hamwambii baba hivyo mbele ya wateja, na ana miaka 22, anajua. Lakini rudi nyuma kidogo kwenye barua yako mwenyewe. Kabla hujagusa kitu alikuambia, "Baba, hii tusiiguse, hatuijui." Hakusema hujui. Alisema hatujui, akajiweka ndani yake. Nawe ukamwambia akupishe. Fundi, lile neno la kwanza ndilo ulilotakiwa kulijibu, na nadhani ndilo linalokuuma, zaidi ya la pili.

Tena tazama alikokwenda. Ulimwambia kwa hasira aende kwa watu wa betri, akaenda kwa watu wa betri. Angeweza kwenda Arusha kubeba mizigo stendi, angeweza kupanda basi la Dar. Amekwenda kukaa kwa bibi yake, umbali wa safari moja ya bodaboda kutoka kwako, na kutwa anashika kile kitu kilichokuaibisha. Sitaki kumsemea moyo wake. Lakini kijana aliyemchoka baba yake haendi kujifunza jambo ambalo baba yake hakulijua.

Usimtumie mjomba. Usimtumie mama yake, ambaye mmemchosha nyote wawili. Usimpigie simu. Nenda Jumapili, baada ya ibada, akiwa nyumbani hana kazi. Msalimie mama mkwe au mama yako, sijui bibi huyo ni wa upande gani, ukae unywe chai yake bila haraka, usiseme lolote mpaka mtoto atoke mwenyewe nje.

Najua kwenu Uchagani mtu akikujia na jani la isale humkatalii msamaha, na najua pia mzazi habebi isale kwenda kwa mwanawe. Sikuambii ubebe. Ile kontrola iliyokufa, ukishailipa ni yako. Iweke kwenye mfuko pamoja na bisibisi na ile mita mpya. Imeshakaa wiki 5 bila betri, ila ipimeni kwanza, mzoee hivyo. Mkae kwenye mgomba pale nje, uitoe mfukoni, umwambie, "Siku ile ulinionya sikukusikia. Njoo tuifungue tuone ni wapi palipoungua." Halafu mpe bisibisi yeye.